Vidumu vya Lupembela

Orodha ilifika Jumatatu saa tatu asubuhi. Ilikuwa na majina arobaini na matatu, na yote yalitoka kijiji kimoja.

Dkt. Atuganile Mwaijande aliisoma mara mbili kabla ya kuketi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa akiwa mthibitishaji wa maabara ya kanda jijini Mbeya, na katika kazi hiyo mashine zilikuwa zimemwachia jambo moja tu: kutia saini. Mengine yote zilifanya zenyewe. Zilipima mkojo wa kila mtu mzima mara moja kwa mwezi na kutoa Namba. Namba ya mtu ikivuka tatu kwa miezi mitatu mfululizo, watu walisema amepanda, na jina lake likaingia kwenye orodha. Orodha ikisainiwa, gari la Mamlaka ya Tiba Tangulizi lilikwenda kijijini, na kila aliyepanda akawekewa kizibo, kijiti cha dawa ya kusimamisha uvimbe, chini ya ngozi ya mkono, akae nacho miaka miwili. Uvimbe haukutafutwa. Ubavuni mwa gari hilo paliandikwa kwa herufi za kijani: USIPOZIBA UFA.

Orodha ya kawaida ya wilaya nzima ya Kyela ilikuwa na majina manne au matano.

"Sanga," aliita, "Lupembela ina watu wazima wangapi?"

Sanga, fundi sanifu wa maabara, aliweka kikombe chake cha chai mbali na vipimo kama alivyofundishwa. "Mia mbili na sita, Dokta."

"Waliopanda ni arobaini na watatu."

"Labda ni ile dawa wanayopulizia kakao."

"Kakao inalimwa vijiji vyote vya jirani. Huko hajapanda mtu."

"Basi wamerogwa," alisema Sanga, uso umemkauka, kwa kuwa alijua daktari hacheki saa za kazi.

"Nifungulie michoro."

"Michoro ipi?"

"Ile inayochorwa na mashine kabla haijajumlisha."

"Dokta, hiyo hajaifungua mtu tangu nije hapa."

"Umekuja lini?"

"Huu mwaka wa sita."

"Basi itakuwa na vumbi. Ifungue."

Mchoro wa kila sampuli ulikuwa mstari mmoja wenye vilima, na kila kilima kilikuwa na jina lake. Putresini, spermidini, spermini. Kila seli inayotaka kugawanyika huhitaji hizo poliamini, na seli zinazogawanyika kwa pupa huzitengeneza kwa wingi, nazo ziada hutoka na mkojo. Uvimbe wa saratani ni seli zenye pupa, ndiyo maana mkojo huusema mapema. Lakini mkojo huisema pia mimba, na kidonda kinachopona, na kifua kikuu. Namba ilikuwa jumla ya vilima vyote, na jumla haikumbuki ilikotoka.

Katika michoro ya Lupembela kilima cha putresini kilikuwa kirefu kupita kiasi. Ubavuni mwake kilisimama kilima kingine ambacho Atuganile alikuwa hajakiona tangu siku za chuo. Aliweka kalamu juu ya kioo.

"Hiki kinaitwaje?"

Sanga aliinama. "Ka... kadaverini."

"Seli za binadamu haziitengenezi kadaverini kwa kiasi hicho. Inatengenezwa na bakteria. Jina lake limetokana na maiti, na harufu yake pia." Alifungua mchoro wa pili, wa tatu, wa kumi. Kilima kilikuwepo kila mahali. "Hawa hawajapanda, Sanga. Mkojo wao umeoza kabla ya kutufikia."

"Utaozaje na kila kidumu kina asidi?"

Atuganile alivuta faili la vidumu. Zamani asidi ilikaa ndani ya kichupa cha kioo kilichofichwa kwenye kifuniko, kikavunjika mtu alipofunga kidumu. Vichupa vilikuwa vikikwama. Miezi mitatu iliyopita waliacha vichupa na kuanza kuweka asidi moja kwa moja kitakoni mwa kidumu. Waraka wa mabadiliko ulikuwa wa ukurasa mmoja, na saini iliyo chini yake ilikuwa ya kwake.

Orodha ilipaswa kusainiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

*

Jumanne alipakia vidumu vipya hamsini na kimoja kwenye gari la maabara na kuteremka mwenyewe. Mbeya aliiacha katika baridi, na Kyela ikampokea kwa joto la kuvua koti. Hamsini na kimoja ndiyo hesabu ya vidumu vilivyopita mikononi mwa kikundi kimoja cha akina mama wa kitongoji cha mashariki mwa Lupembela. Wote waliopanda walikuwa wa kitongoji hicho. Wengine wa kijiji walichukua vidumu vyao ofisini, mmoja mmoja, na Namba zao zilikuwa shwari.

Mwenyekiti wa kikundi, Gwantwa Mwakibete, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpana wa kifua, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kibarazani kwake, juu ya mkeka wa peke yake, lilikaa tuba, tarumbeta kubwa la shaba la sauti nzito, lililong'arishwa. Jina la Gwantwa lilikuwa la kumi na saba kwenye orodha, ingawa yeye hakulijua hilo. Hakuna aliyeruhusiwa kulijua kabla ya saini.

"Ndaga, mwanangu, karibu. Wewe ni Mwaijande wa wapi?"

"Wa Masoko, mama."

"Wa juu! Basi jasho hilo litakumaliza kabla chakula hakijaiva. Kaa kivulini. Umekuja kutuziba?"

"Nimekuja kuona vidumu."

"Vidumu vipo, havijakimbia."

Vilikuwa nyuma ya nyumba. Uchanja mrefu wa mianzi ulikuwa umejaa vidumu vyeupe vilivyopinduliwa midomo chini, vikikauka juani, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Atuganile alivihesabu kwa macho. Hamsini na kimoja.

"Hivi ni vya mwezi uliopita?"

"Vya mwezi huu. Vimeletwa juzi, jana tumeviosha."

"Mmeviosha kabla ya kuvitumia."

"Sasa tuvitumie vichafu?" Gwantwa aliweka mikono kiunoni. "Vilipokuja mara ya kwanza vikiwa hivi, tukakuta maji yanayowasha kule chini. Mwenzangu mmoja yalimbabua vidole. Nikasema haya, hawa wa ofisini hawakulelewa na mama. Unampaje mtu chombo na mabaki yako ndani? Tukamwaga, tukasugua kwa majivu, tukasuuza na maji ya moto, tukaanika. Hapa kwetu chombo kikitoka nyumbani kwako kinakwenda na jina lako. Hata kama ndani ni mkojo."

Atuganile alichukua kidumu kimoja. Majivu. Hata kama tone la asidi lingebaki, majivu yangeliua. Kisha mkojo wa saa ishirini na nne, katika joto la nyuzi thelathini na nne, ukingoja gari siku moja au mbili. Bakteria wasingeweza kuomba karamu nzuri zaidi.

"Yale si mabaki, mama. Ni asidi. Tuliiweka makusudi ili mkojo usioze."

Gwantwa alishusha mikono. "Pameandikwa?"

Pameandikwa. Atuganile alikipindua kidumu kutafuta. *Kihifadhi kimo ndani, usimwage.* Maandishi yalikuwa chini ya kitako, mahali ambapo mtu hupaona akiwa amekwisha kukipindua na kumwaga kilichomo.

"Aliyepanga paandikwe hapo ni nani?"

"Mchoro niliupitisha mimi."

Gwantwa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Pengine alikuwa hajawahi kumsikia mtu wa ofisini akijibu swali hilo moja kwa moja.

"Kwa hiyo umekuja kutuziba kwa sababu sisi ni wasafi."

"Nimekuja kuthibitisha kabla sijakataa. Kuosha kwenu hakukuwa kosa. Maelezo yetu ndiyo kosa."

"Aa." Mama huyo aliketi kwenye kigoda. "Nikuambie kitu. Kaka yangu Ambakisye wamemziba mwaka juzi. Alikuwa anapiga ngoma kubwa ya bendi ya kanisa. Siku hizi anautazama mkono wangu ndipo ajue wimbo umeanza. Hicho kizibo chenu kinakula masikio, na kinaanza na sauti nzito."

"Hupunguza desibeli kumi na tano hadi thelathini katika sauti za chini. Asikiapo mtu wa kawaida ngurumo, aliyezibwa husikia mtu akitembea chumba cha pili."

"Na mimi napuliza nini?"

Atuganile aliangalia kibarazani. "Tuba."

"Basi tumeelewana."

Kabla ya kuondoka aliwakusanya akina mama, akamwaga tone moja la asidi juu ya jiwe la chokaa ili walione likichemka, akawaeleza. Kila mtu achukue kidumu kipya. Asioshe. Asisuuze. Akusanye kuanzia Jumatano asubuhi hadi Alhamisi asubuhi. Vifike Mbeya Ijumaa mapema.

"Kutoa chombo hakijaoshwa," alinung'unika mmoja wao. "Watatusema."

"Watasema nini?" Gwantwa alimjibu. "Wakwe zako wanapima mikojo?"

*

Namba mpya zisingewahi. Hilo alilijua tangu Jumanne. Sehemu kubwa ya poliamini hutoka mwilini zikiwa na mikia ya asetili, na ili zihesabike zote sharti zichemshwe ndani ya asidi kali kwa saa kumi na nne hadi mikia ing'oke. Sheria ilikubali kipimo hicho tu. Lakini kulikuwa na kipimo cha zamani kisichohitaji kuchemsha, ambacho mashine ilikiacha kwa sababu kilitaka mikono ya mtu: kutafuta spermini yenye mikia miwili, mmoja kila ncha. Bakteria hawaitengenezi hiyo. Kuoza hakuiongezi. Kidonda na mimba huigusa kidogo tu. Uvimbe huipandisha.

Jumatano yote na Alhamisi asubuhi yeye na Sanga walipima masalia ya sampuli za miezi mitatu yaliyokuwa kwenye jokofu. Saa nane mchana matokeo yalikuwa mezani. Watu arobaini na wawili walikuwa sawa na mtu yeyote anayepita barabarani.

Mmoja hakuwa sawa. Mwezi wa kwanza kiasi chake kilikuwa mara mbili ya kawaida, wa pili mara mbili na nusu, wa tatu mara tatu na zaidi. Atuganile alikirudia kipimo hicho. Akakirudia tena akitumia dawa kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Jibu halikubadilika.

"Wa ngapi huyo?" aliuliza Sanga.

"Wa kumi na saba."

Profesa Lawi Kihwelo, mkurugenzi wa kanda, alikuja mwenyewe. Hakumwita Atuganile ofisini kwake. Alikuwa amemfundisha chuo, amemwajiri, na kwenye mazishi ya baba yake Atuganile ndiye aliyeongoza msafara kutoka Mbeya. Alivuta kiti, akasoma michoro yote, akavua miwani.

"Uko sahihi," alisema.

"Ahsante, Profesa."

"Usinishukuru. Sheria haijui kadaverini, Atuganile. Inajua Namba. Na Namba za watu hawa zimevuka tatu mara tatu."

"Zimevuka kwa sababu ya uozo."

"Nimeshakubali hilo. Sasa nisikilize. Kanda hii imeepuka vifo elfu nne na mia mbili kwa miaka tisa. Hesabu hiyo uliifanya wewe. Kesho ukiandika kwamba vidumu vyetu vimepandisha watu wazima, Jumamosi Kyela yote itajua, Jumapili itatangazwa kanisani, na mwezi ujao vidumu vitarudi vitupu. Watakufa wangapi kwa vidumu vitupu?"

"Wakiacha nusu ya kanda, mia mbili na thelathini kwa mwaka. Nimehesabu jana."

Kihwelo alishtuka kidogo. Alikuwa ametegemea asijue. "Basi?"

"Basi hao bado hawajaacha. Hawa arobaini na wawili wapo, nimewaona, na nimekula kwao."

"Kizibo hakiui. Miaka miwili kinatolewa. Vidumu tutavirekebisha kimyakimya, vichupa vitarudi kwenye kifuniko, na hakuna atakayeumia zaidi."

"Ulitufundisha mwaka wa pili kwamba kipimo kisichokubali kukosea hakipimi kitu."

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na miaka hamsini na mmoja, Profesa."

Sanga alijikuta anahitaji sana kupanga chupa zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Kihwelo alirudisha miwani na kugonga kwa kidole mstari wa kumi na saba. "Na huyu? Huyu amepanda kweli. Orodha husainiwa nzima au haisainiwi. Ukiikataa, itakwenda Baraza la Mamlaka, ikae siku thelathini, na hatapata kizibo yeye wala mwingine. Unawaokolea masikio watu arobaini na wawili kwa uhai wa mmoja. Hesabu hiyo umeifanya pia?"

Hiyo alikuwa ameifanya. Ndiyo pekee ambayo hakuipenda.

"Halafu kumbuka," aliendelea Kihwelo, kwa upole sasa, "waraka wa vidumu ni wako. Sitaki kuusoma mbele ya Baraza."

"Hutahitaji kuusoma. Nitauambatanisha."

*

Kumwambia mtu matokeo yake kabla ya saini kulikuwa kosa lenye adhabu. Atuganile alipiga simu saa kumi jioni, akitumia simu ya mezani ya maabara ambayo mazungumzo yake yalirekodiwa, kwa kuwa hakutaka baadaye isemwe alijificha.

"Mama Gwantwa, ni Atuganile wa maabara. Nataka kukueleza jambo nisiloruhusiwa kulieleza. Ukitaka ninyamaze, sema."

"Sema wewe."

Alimweleza bila kulipamba. Arobaini na wawili hawana kitu. Wewe unacho. Kati ya watu kumi wenye kiasi kama chako, saba hukutwa na uvimbe, watatu hawakutwi nao, na hajulikani bado wewe ni wa kundi gani.

Upande wa pili palisikika kuku, kisha mlango ukifungwa.

"Ukisaini?"

"Watakuziba. Kizibo husimamisha uvimbe kwa watu saba kati ya kumi."

"Usiposaini?"

"Nina haki ya kukuandikia barua upigwe picha kwenye hospitali ya rufaa. Ni kifungu cha zamani, cha kabla ya vizibo. Lakini uvimbe ukiwa mchanga hivi, picha huuona kwa watu wanne kati ya kumi. Wengine huambiwa warudi baada ya miezi mitatu."

"Saba na nne."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kwangu mimi, saini ni afadhali."

"Kwa hesabu, ndiyo." Sauti yake haikutetereka. Alikuwa amejizoeza sentensi hiyo mara nne.

"Haiwezekani ukanisaini mimi peke yangu?"

"Sheria hairuhusu. Nzima, au basi."

Gwantwa alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Mtu aliyetunga hiyo sheria alikuwa anauza samaki kwa fungu. Ukitaka mmoja mzima, chukua na wanne waliooza." Kisha akauliza: "Katika hao arobaini na wawili yumo binti wa Tumpe? Yule mwembamba, anayefundisha watoto tarumbeta?"

"Siruhusiwi kutaja majina."

"Leo umeruhusiwa nini?"

"Yumo."

Kuku walirudi, kana kwamba mlango umefunguliwa.

"Usisaini," alisema Gwantwa. "Na usije ukanifanya mahubiri, kwamba mama fulani wa Lupembela alijitoa kwa ajili ya wenzake. Sijajitoa. Nimekasirika. Nimewekwa mbele kama ngao, kwamba kwa kuwa mimi mgonjwa basi wazima wote wazibwe. Mimi si ngao ya mtu. Usiposaini, uandike hilo."

"Nitaliandika."

"Na barua yangu uiandike kwa mwandiko unaosomeka. Nyie madaktari mnaandika kama kuku amepita."

*

Ijumaa saa nne na nusu lori la kakao lilisimama mbele ya maabara. Gwantwa aliteremka upande wa abiria, amevaa sare ya bendi ya kanisa, koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, kana kwamba amekuja kwenye mkutano mkuu. Nyuma ya lori vilikuwa vidumu hamsini na kimoja katika makreti ya soda. Kwenye kila kidumu palibandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na chini ya jina, kwa mwandiko uleule wa kalamu nene: HAKIJAOSHWA.

"Wamelalamika usiku kucha," alimwambia Sanga aliyetoka kupokea. "Ilibidi niandike, ili wajue aibu ni ya ofisi."

Mlinzi alisema sampuli zisizo kwenye ratiba hazipokelewi. Sanga alimtazama mlinzi, akatazama makreti, akabeba mawili kwa mkupuo na kupita nayo. Mlinzi alibaki ameshika daftari.

Kihwelo alikuwa ameketi ofisini kwa Atuganile, orodha mbele yake, kalamu juu ya orodha. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

"Sampuli mpya zimefika," alisema Atuganile.

"Zitatoa Namba lini?"

"Zikiingia kwenye joto sasa, usiku wa manane. Kesho asubuhi nitakuwa na majibu."

"Na saa sita ni baada ya dakika hamsini. Kwa hiyo utakataa bila uthibitisho."

"Ninao uthibitisho. Ninyi ndio hamna kifungu cha kuupokea."

Aliketi. Kwanza alichukua karatasi yenye nembo ya maabara na kuandika barua ya hospitali, polepole, herufi moja moja. *Gwantwa Mwakibete, miaka 58. Spermini yenye asetili mbili imepanda miezi mitatu mfululizo. Kadaverini katika sampuli ni ya uchafuzi na isihesabiwe. Naomba apigwe picha ya tumbo, kifua na nyonga bila kuwekwa kwenye foleni ya kawaida.* Alitia saini saa tano na dakika thelathini na mbili, akaandika na saa pembeni, kwa kuwa mthibitishaji anayekataa orodha husimamishwa kazi saa sita, na baada ya hapo saini yake isingekuwa na uzito wowote. Gwantwa aliipokea, akaisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya koti.

"Unasomeka," alisema.

Kisha Atuganile akaivuta orodha. Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa saini na mstari mmoja mwembamba ulioandikwa *Sababu za kukataa, kama zipo*. Kwa miaka tisa mstari huo ulikuwa haujaguswa na mtu kanda nzima. Aliandika juu yake maneno mawili, *Tazama nyuma*, akaigeuza karatasi.

Alianza na kosa lake. Tarehe ya waraka, mchoro wa kidumu, mahali maelezo yalipowekwa, jina la aliyepitisha. Akaandika juu ya majivu na maji ya moto. Akaandika kadaverini, sampuli kwa sampuli. Akaandika kwamba mtu mmoja kati ya arobaini na watatu anahitaji tiba ya haraka, kwamba mtu huyo ameelezwa, na kwamba amekataa ugonjwa wake utumike kuwaziba wazima. Mwisho aliandika: *Ufa hauzibwi kwa kuubomoa ukuta wa jirani. Sisaini.*

Kihwelo alisoma juu ya bega lake. Hakumzuia mkono.

"Sentensi ya mwisho si ya kisayansi," alisema.

"Ile ya ubavuni mwa gari je?"

Profesa alichukua karatasi. Alisimama nayo kwa muda kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka, kisha akaitia kwenye bahasha ya Baraza, akailamba gundi, akaifunga. Alipofika mlangoni alimpisha Gwantwa. "Shikamoo, mama," alisema. Mama huyo alimjibu marahaba bila kutabasamu. Profesa alikuwa mkubwa kwa umri, na wote wawili walijua kwamba hakulazimika kumwamkia.

Saa sita kamili taa ndogo juu ya mlango wa mashine kubwa iligeuka nyekundu. Atuganile aliweka kidole kwenye kioo chake, kwa kuwa alipenda kuhakikisha. Kioo kilimjibu kwamba hakimfahamu.

"Kidole changu bado kinafanya kazi," alisema Sanga kwa sauti ndogo.

"Wewe una watoto watatu. Kirudishe mfukoni."

Baraza lingetaka Namba mpya, kwa hiyo aliipita mashine kubwa na kwenda chumba cha nyuma, mahali vilipotupwa vifaa vya zamani. Kule kulikuwa na tanuri la chuma, pana kama kabati, lililonunuliwa kabla Namba haijapewa jina. Halikuwa na kioo. Lilikuwa na swichi, na kitufe cha kuzungusha chenye tarakimu zilizofifia. Kwa saa moja na nusu yeye na Gwantwa walipima ujazo wa kila kidumu, wakamimina mililita mbili mbili kwenye mirija, Atuganile akiongeza asidi kali mwenyewe na mama akisoma majina kwenye plasta kwa sauti ya kanisani. Kidumu chake mwenyewe Gwantwa alikisoma kama alivyosoma vingine, jina la kwanza, jina la pili, akapokea kinachofuata.

Mirija yote ilipokwisha kuingia, Atuganile alifunga mlango wa tanuri na kuzungusha kitufe hadi nyuzi mia moja na kumi.

"Kwa saa ngapi?" aliuliza Gwantwa.

"Kumi na nne."

Mama alifungua vifungo vya juu vya koti lake, akavuta kiti cha mbao hadi mbele ya tanuri, akakaa. "Hospitali wanapiga picha za namna hii Jumatatu," alisema. "Washa."

Atuganile aliwasha. Tanuri lilianza kunguruma, sauti nzito, ya chini sana, na Gwantwa akainamisha kichwa kuisikiliza.